Mwanamke Mpole wa Iria

Nyoka alipita juu ya kiatu cha Kanana polepole, kana kwamba anapita juu ya jiwe.

Kanana alizuia pumzi. Alikuwa amekaa juu ya mwamba kando ya kidimbwi tangu baada ya chakula cha mchana, miguu ameikunja upande, darubini kifuani, na tangu aanze kuja hapa hakuna nyoka aliyewahi kumkaribia hivyo. Huyu alikuwa mwembamba kama kidole, mgongo wa rangi ya zeituni, tumbo la manjano, na ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika, maana nyoka wa maji wa aina ile hukubali kuuacha mkia mdomoni mwa adui ili waokoe mwili. Akateremka kutoka kwenye kiatu, akatoa ulimi, akaugusa mkono wa Kanana uliokuwa umeegemea mwamba. Ulimi ulikuwa laini kama uzi uliolowa. Nyoka hakushtuka. Aliendelea na safari yake, akaingia majini bila kuacha hata kiwimbi kimoja.

Kanana alifurahi mno, hata hakutambua mara moja kwamba vyura wote walikuwa wamenyamaza.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame. Chai ya kijiji cha Kibugu, iliyozoea ukungu na manyunyu ya msituni, ilikuwa imebabuka ikawa nyekundu. Vijito vilibaki mawe matupu, na wanawake walikwenda mbali na madebe yao. Kidimbwi kimoja tu hakikupungua. Wenyeji walikiita Iria, nacho kilikuwa chini ya shamba la kina Gitari, mumewe Kanana, mahali ambapo mto hujificha chini ya miti kabla ya kushuka bondeni. Hakuna aliyechota maji pale. Ukiuliza sababu, utaambiwa maji yale hayapiki chai vizuri, kisha mtu anaanza habari nyingine. Lakini nyoka wa maji wa bonde zima walikuwa wamehamia hapo, na Kanana, ambaye alikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule ya wasichana, aliona hiyo ni bahati ambayo haitarudi. Shule zilikuwa zimefungwa. Kila alasiri alimwacha binti yake mdogo, Igoki, kwa nyanya yake, akateremka katikati ya michai, akakaa kuwatazama. Aliwaona wakiota jua wamepangana kama kamba zilizoanikwa. Aliwaona wakivizia vyura kwenye majani, na siku moja alimwona mmoja akimmeza chura kwa kuanzia nyuma, mikono ya chura ikiwa bado inapunga nje. Hawakuwa na sumu. Alitaka wasichana wake wajue hivyo, maana kila aliyekutana na nyoka hawa aliwakata kwa jembe bila kuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa kutulia. Siku za mwanzo akikuna tu shingo wote walitumbukia majini. Basi akajifundisha kupumua kidogo, kutopepesa macho, kuuacha mwili uwe kama kitu kilichowekwa mahali kikasahauliwa. Siku ile alikuwa amefaulu.

Alipopanda kurudi nyumbani, mbwa aliyelala mlangoni hakuinua kichwa. Kuku waliokuwa wakidonoa njiani hawakumpisha, nusura amkanyage mmoja.

Marcella, mama yake Gitari, alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akipepeta maharagwe. Bibi huyo hakuwahi kumkubali mkaza mwanawe waziwazi. Kanana alikuwa mtu wa Ruiri, upande wa Meru, na kwa Marcella watu wa Ruiri walikuwa watu wa ng'ombe na vumbi, wasiojua kuchuma chai wala kupika mukimo ukaiva. Waligombana kila siku ya Mungu, juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya soksi za mtoto, na Kanana hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Nimerudi, Mama," Kanana alisema.

Marcella akaendelea kupepeta. Kanana akarudia kwa sauti. Hapo ndipo bibi alipoinua uso.

"Mama Igoki, kwani umetoka tena? Si umepita hapa sasa hivi?"

"Mimi natoka Iria sasa hivi."

"Umepita na miguu yako ya maji, ukanichafulia sementi. Nikakusema." Marcella alisita. "Ukaniambia nikusamehe."

Kanana alitazama sakafuni. Nyayo mbichi zilitoka mlangoni, zikavuka sebule, zikaingia chumba cha kulala. Hazikurudi. Alizifuata. Chumbani hapakuwa na mtu, ila palinuka udongo uliotoka kunyeshewa, ile harufu tamu ya mvua ya kwanza, na mvua haikuwa imeonja ardhi ile kwa miezi mingi. Alijiambia kwamba bibi amezeeka, na kwamba nyayo zile huenda ni zake mwenyewe Marcella.

Gitari alikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu. Jioni hiyo alikula akashiba, akajinyoosha kitini, akamtazama mkewe kwa upendo ambao Kanana alikuwa hajauona kwa muda.

"Leo umeimba vizuri," alisema.

"Nimeimba saa ngapi?"

"Nilipokuwa nikiingia. Ulikuwa bafuni unajimwagia maji."

Hakuna mtu aliyekuwa akijimwagia maji Kibugu mwaka ule.

Angeacha kwenda Iria hapo, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa amengoja sana kupokewa na nyoka wale, na sasa walimpokea. Kesho yake walilala mapajani pake, baridi na wepesi, wakapumzika kama paka. Alihisi fahari, na chini ya fahari alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye mwamba, ikaingia magotini, ikapanda kiunoni, wala haikumsumbua. Jua lilihama bila yeye kuliona likihama. Vyura hawakulia tena. Aliposimama ilimbidi akumbuke kwanza jinsi ya kusimama, na njia ya nyumbani, ambayo haikuwa ndefu, ilimchukua hadi jua likakaribia kuzama.

Siku aliyoyaona yote kwa macho yake, jua lilikuwa bado kali. Alipofika uani alisikia mtu akiimba ndani, wimbo wa kubembeleza watoto wa kwao Ruiri, kwa sauti yake mwenyewe Kanana, ila tamu zaidi na isiyokatika kuvuta pumzi. Akasogea dirishani akachungulia, akamwona mwanamke amekaa kwenye kiti cha Gitari, amevaa sweta yake ya kijani, amempakata Igoki na kumchana nywele taratibu, na maji yakidondoka kutoka kwenye pindo la sweta tone baada ya tone juu ya sementi, na Igoki ametulia kuliko mtoto wa umri wake anavyoweza kutulia. Kanana akaita. Midomo yake ilifunguka lakini hakuisikia sauti yake. Akaingia, akampita Marcella aliyekuwa amesimama pale pale mlangoni akipukuchua mahindi, bega kwa bega, na Marcella akajikunyata tu kama mtu aliyepitiwa na upepo, Kanana akanyoosha mkono akamshika Igoki shavuni, na Igoki akatetemeka, akamwambia yule mwanamke, "Mama, nasikia baridi."

Mwanamke akainua macho. Yeye peke yake, katika nyumba ile, ndiye aliyemwona Kanana. Alimtazama bila kupepesa, kwa utulivu ule ule ambao Kanana alikuwa amejifundisha juu ya mwamba, kisha akatabasamu kama mwenyeji anayemtabasamia mgeni aliyekosea nyumba.

Kanana hakukumbuka kutoka. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa amekaa tena Iria, miguu ameikunja upande, na safari hii alipojaribu kuinuka mwili haukumsikia. Nyoka walikuwa wamemzunguka wote, wengine mabegani, na aliwaona wakija na kwenda, mchana ukigeuka usiku na usiku ukigeuka mchana, naye hana njaa, hana kiu, wala hana neno lolote mdomoni.

Yaliyotokea nyumbani wakati huo aliyajua baadaye, kwa kuambiwa na Marcella.

Kilichokuwa nyumbani kilikuwa na adabu. Kiliamka mapema, kikafagia, kikapika. Hakikugombana na mtu. Gitari alianza kurudi na basi la mapema, akakaa kukisikiliza kikiimba, na majirani wakasema nyumba ya Gitari sasa ina amani. Lakini Marcella hakulala. Aliweka chumvi nyingi kwenye githeri kwa makusudi, akaonja mbele ya yule mwanamke, akasema, "Chakula hiki umekiharibu." Yule akainamisha kichwa akajibu, "Nisamehe, Mama." Marcella akamwambia watu wa Ruiri ni wachafu. "Ni kweli, Mama." Bibi akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani. Katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuambiwa ni kweli.

Alimwita Njagi, katekista wa kanisa lao, bila kumweleza lolote. Njagi akasali sala ndefu ya kuibariki nyumba, na yule mwanamke akapiga magoti pamoja nao, akaitikia amina mahali panapostahili, akamtengenezea Njagi chai. Njagi aliinywa, akasifu ukarimu. Alipofika langoni akasimama, akamwuliza Marcella kwa sauti ya chini, "Mama, maji ya chai hii mmechota wapi? Yananuka vyura."

Kilichomwamsha Marcella kabisa kilikuwa Igoki. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku tangu asubuhi hadi jioni sasa alikaa kwenye kigoda pembeni mwa yule mwanamke, mikono magotini, hata chakula akawa hakumbuki kuomba. Nzi alitua kwenye shavu lake, akatembea hadi kwenye kope, akasimama pembeni mwa jicho lililo wazi, na Igoki hakupepesa.

"Anajifunza kutulia," yule mwanamke alisema kwa upole. "Leo tutakwenda kuwaona nyoka wa Mama."

Marcella alijitanda shuka, akachukua fimbo, akatoka kama mtu anayekwenda kukagua chai. Watu wa Embu hukiita kitu kama kile ngoma, yaani mzimu, na Marcella alikuwa amesikia tangu utoto kwamba Iria ina ngoma wake, asiye na mwili, anayetafuta mtu aliyetulia vya kutosha ili amkalie kama kiti, avae sura yake. Hakujua dawa. Alijua jambo moja tu, kwamba mkaza mwanawe hawezi kusemwa akanyamaza.

Kanana alimwona akiteremka. Alimwona kama unavyomwona mtu ukiwa chini ya maji, akitikisika, asiye na sauti. Marcella alisimama mbali na mwamba, maana nyoka walikuwa wengi, na pale juu ya mwamba yeye hakuona mtu. Aliona nyoka tu, wamejikunja juu ya kitu ambacho hakikuwapo, wamekaa hewani kwa umbo la mabega na mapaja. Kisha akaegemea fimbo, akaanza.

"Kanana wa Ruiri. Chapati zako ni ngumu kama ngozi ya ng'ombe. Sufuria yangu ya harusi uliiunguza ukaificha chini ya kitanda, ukafikiri sitaiona. Mtoto unamlaza bila soksi. Umesoma mpaka chuo kikuu lakini kuwasha moto wa kuni mbichi kumekushinda. Ulikuja hapa na sanduku moja na mdomo mkubwa, na mpaka leo mdomo ndio unaofanya kazi."

Maneno yalimfikia Kanana kutoka mbali, moja moja.

"Na ulimwambia mwanangu kwamba mimi navuta ugoro kanisani," Marcella alisema, na sauti ikaanza kumvunjika. "Mimi. Mwenyekiti wa kina mama."

"Unavuta," Kanana alisema.

Nyoka waliruka wote kwa pamoja. Walimkimbia kama walivyokuwa wakimkimbia siku za mwanzo, wakamwagika kutoka mabegani na mapajani, wakatumbukia majini kwa kishindo cha mvua ya mawe, na Marcella akamwona mkaza mwanawe juu ya mwamba, amekonda, ngozi ya kijivu, midomo imepasuka, macho yamejaa hasira.

"Sema tena," Marcella alimwomba.

"Unavuta, wakati wa mahubiri, unajifanya unapangusa pua. Na ile sufuria ilikuwa imetoboka kabla sijaolewa."

Bibi alivuka matope kwa miguu mitupu, akamkumbatia, akamwinua kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. Nyuma yao chura mmoja alilia, kisha wengine.

Walipofika nyumbani yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni tayari kwa safari, amemshika Igoki mkono. Nyumba nzima ilinuka mvua. Kanana alitazama uso wake mwenyewe, ulionona na kung'aa kuliko wake, lakini hakuweza kumtukana wala kumkemea, wala hakukumbuka sala hata moja. Akamtazama Igoki. Mtoto alikuwa anaangalia mbele, haoni kitu.

"Igoki," Kanana alisema, sauti ikikwaruza. "Viatu viko wapi? Nimekuambia mara ngapi usikanyage chini bila viatu?"

Mtoto alipepesa. Alipepesa tena. Uso wake ukajikunja polepole, kama unavyojikunja uso wa mtoto aliyejua amekosa, akaanza kulia kwa sauti kubwa, akauchomoa mkono wake, akamkimbilia mama yake na kumgonga tumboni kwa kichwa.

Yule mwanamke hakufanya fujo. Alivua sweta ya kijani, akaikunja vizuri, akaiweka kizingitini. Alipowapita, Kanana alihisi baridi ya mwamba ikimpitia ubavuni.

"Naondoka," alisema, kwa upole ule ule. "Lakini hapa nimependwa."

Akateremka katikati ya michai, wala hakuna jani lililotikisika. Sweta waliichoma, na kwa vile ilikuwa imelowa kupita kiasi, iliwachukua chupa nzima ya mafuta ya taa.

Gitari aliporudi jioni alimkuta mkewe amekonda, amejifunika blanketi, na mama yake ameketi karibu naye akimlisha uji na kumlaumu kwamba anakula polepole. Walimweleza yote. Alisikiliza, akauliza maswali machache, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo zile siku zote," alisema mwishowe, "hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi."

Gitari aliitazama sakafu iliyokauka. "Kulikuwa na utulivu," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao, akatoka nje.

Mvua ilirudi kabla mwaka haujaisha. Chai ikatoa machipukizi, vijito vikajaa, na nyoka wa maji wakatawanyika bondeni kote, kila mmoja mahali pake. Kanana alirudi kufundisha. Hakwenda tena Iria, na nyumbani alijizoesha kufanya makelele, akigonga masufuria, akimwita Igoki kwa sauti hata akiwa hatua chache tu kutoka kwake. Marcella alilalamika kwamba anapasuliwa kichwa. Waligombana kama kawaida, ila sasa mmoja wao aliponyamaza ghafla, mwingine aliharakisha kuja kumtazama.

Gitari alianza kuchelewa. Suruali yake ilirudi imelowa hadi magotini, akasema ni majani ya njiani. Kanana alikuwa akimkaribia na kunusa shati lake kwa siri, lakini mvua ilikuwa imenyesha kila mahali, na harufu ile haikuweza tena kumwambia lolote.

Jumamosi moja Marcella alikwenda mkutano wa kina mama kanisani. Gitari alikuwa uani akipasua kuni, na Igoki akimwokotea vibanzi. Gitari alikuwa na moyo mzuri asubuhi hiyo. Kanana alimwomba atengeneze paa la banda la ng'ombe, naye akakubali. Kanana akamwambia amekuwa akichelewa siku hizi, naye akasema, "Ni kweli. Nisamehe." Kanana akachukua panga na kamba akaenda kukata nyasi za ng'ombe kwenye mteremko, na alikuwa amekwishakata fungu moja ndipo maneno yale yalipomrudia masikioni, akasimama wima na nyasi mkononi.

Chini yake, kupitia nafasi ya miti, Iria ilionekana. Kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa pale, alimwona Gitari amekaa juu ya mwamba, amevaa suti ya kazini aliyotoka nayo jana asubuhi, mikono magotini. Nyoka mwembamba alikuwa akipita juu ya kiatu chake, taratibu, bila wasiwasi wowote.

Na kule juu nyumbani shoka lilikuwa linaendelea kupasua kuni, pigo baada ya pigo, na Igoki alikuwa anacheka.

Kanana alitupa nyasi. Alitaka kukimbilia mtoto, na alitaka kukimbilia mwamba, na miguu yake ikagawanyika kati ya njia mbili, hata akaanguka kwa magoti palepale penye nyasi zilizolowa. Kisha akavuta pumzi ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta, akaelekeza uso wake bondeni.

"Gitari," alipaza sauti. "Wewe unakoroma kama trekta. Paa la banda linavuja tangu tuoane. Siku ya harusi yetu ulisahau jina la baba yangu mbele ya watu. Huna hata wimbo mmoja unaoujua mpaka mwisho. Unanisikia? Nijibu."

Mtu aliyekuwa juu ya mwamba hakugeuka.

Kule juu, shoka likanyamaza.